Siku Tatu za Mwisho Kifuniko Kisiguswe



Juma hili tunaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya mayai. Si mayai ya mezani, bali yale yaliyolazwa ndani ya kiangulio, ile mashine ya kutotoleshea vifaranga ambayo siku hizi imeingia katika nyumba nyingi za watu wa kawaida na hata katika vikundi vyetu vya kuweka na kukopa. Wapo watakaoona kwamba jambo hili ni dogo mno kwa tafakari ya juma. Sisi hatuoni hivyo. Palipo na akiba ya akina mama thelathini ndani ya sanduku moja lenye feni, pana jambo la kuzungumza. Na tuseme mapema msimamo wetu: kwa kadiri tulivyoshuhudia, vifaranga wengi wanaopotea hawauawi na mashine wala na umeme, bali na mikono iliyoshindwa kutulia.

Pupa hiyo huanzia mbali, katika namna biashara yenyewe inavyotangazwa. Muuzaji wa mashine humwambia mnunuzi kwamba akiweka mayai 200 leo, baada ya siku 21 atakuwa na vifaranga 200, na hesabu ya fedha hufuata papo hapo juu ya kipande cha karatasi. Hesabu hiyo si ya kweli hata kwa mtaalamu. Yamo mayai ambayo jogoo hakuyafikia, yamo yaliyokaa majuma mawili kabla ya kuuzwa, yamo yaliyotikiswa juu ya pikipiki katika barabara ya mashimo. Hata hizo siku 21, ambazo kila mtu amezikariri, ni kawaida tu wala si mkataba. Joto likiwa chini kidogo, au yai likiwa limewekwa muda mrefu kabla ya kulazwa, kifaranga atatoka siku ya 22, pengine ya 23, naye akawa mzima kabisa.

Majirani zetu wa Kenya waliyaona matunda ya hesabu za namna hiyo mwaka 2013 na 2014, wakati wa wimbi la kware. Yai dogo la kware lilisifiwa kuwa dawa ya maradhi mengi, bei ikapaa, na watu wengi wakanunua ndege na viangulio. Kila mmoja alitotolesha ili amuuzie mwingine ambaye naye alitaka kutotolesha. Ndege walipojaa kila mahali bei ikaanguka, na wengi wakabaki na mabanda wasiyojua wayafanyie nini. Kware hutoka ndani ya siku 17 au 18 tu, na hata huyo alionekana anachelewa!

Kutotolesha mayai bila kuku si uvumbuzi wa jana. Wamisri wamefanya hivyo kwa zaidi ya miaka elfu mbili, katika majengo ya matofali ya udongo yenye vyumba vya joto. Aristotle, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, alikwisha kuandika juu ya mayai yaliyoanguliwa huko Misri kwa joto la samadi. Huyo huyo alieleza jinsi mtu akivunja mayai moja baada ya jingine, siku baada ya siku, auonavyo moyo siku ya tatu, kama nukta ya damu inayorukaruka katika ute. Mafundi wa Misri hawakuwa na kipimajoto. Waliligusisha yai kwenye kope ya jicho, wakajua kama joto limezidi au limepungua. Kazi hiyo baba alimrithisha mwanawe. Mashine zetu zina namba zinazowaka kwa rangi nyekundu, lakini ule utulivu wa kope haumo ndani ya boksi tunalouziwa.

Je, mayai yenyewe hudai nini? Siku 18 za mwanzo hudai machache, lakini bila kukosa: joto la nyuzi 37.5 hivi katika mashine yenye feni, unyevu wa hewa wa asilimia 50 hadi 55, na kugeuzwa mara kadhaa kwa siku ili kiumbe kilichomo kisigandamane na utando. Siku ya saba, chumba kikiwa na giza, tochi huwekwa kwenye upande mnene wa yai. Lenye uhai huonyesha mishipa myekundu iliyotandaa kama mizizi, na lisilo na kitu hupitisha mwanga mtupu. Yasiyo na kitu yatolewe, kwa maana yai viza likipasuka humo huchafua mengine yote. Hadi hapo mkono wa mtu unahitajika, na asiyetaka kuamka usiku asianze kazi hii.

Kuanzia siku ya 18 mambo hugeuka. Mayai hayageuzwi tena, unyevu hupandishwa hadi asilimia 65 au 70, na kifuniko hufungwa. Kifaranga sasa amejaza ganda zima isipokuwa kile kifuko cha hewa kilichoko upande mnene. Kwanza hutoboa utando wa kifuko hicho kwa mdomo wake, akavuta pumzi kwa mapafu kwa mara ya kwanza maishani. Ndipo ukitega sikio utasikia mlio mwembamba ukitoka ndani ya yai ambalo bado ni zima. Kisha, kwa kijino kigumu kilichoota juu ya ncha ya mdomo, hupasua ganda na kufanya ufa mdogo kama punje ya mtama. Halafu hunyamaza.

Kimya hicho ndicho kinachotushinda wanadamu. Huweza kudumu saa 12, huweza kufika saa 24. Aliye nje hudhani kifaranga amechoka, amekwama, anakufa; huingiwa na huruma, hufungua, hubandua ganda kwa ukucha. Kumbe ndani ya saa hizo damu iliyokuwa katika mishipa ya utando inarudi mwilini, na kiini kilichosalia kinaingia tumboni kupitia kitovu. Ganda likibanduliwa kabla ya wakati wake mishipa hiyo huvuja damu, na kitovu hubaki wazi. Huruma imeua. Tena kifuniko kinapofunguliwa kwa ajili ya mmoja, mvuke wote hutoka, na utando wa wale waliokwisha kutoboa hukauka na kuwabana kama ngozi ya ngoma. Yule mmoja huenda akapona. Wale wenzake waliobanwa, nani atawahesabu?

Wala hakuna haraka ya kuwatoa waliokwisha kuanguliwa. Kile kiini walichokiingiza tumboni huwatosha siku mbili, hata tatu. Ndiyo sababu vifaranga wa siku moja husafirishwa katika maboksi hadi mikoa ya mbali bila chakula, wakafika wakichangamka. Waacheni wakauke manyoya humo humo. Kelele zao si lazima ziwe kilio cha njaa. Waliowachunguza kware wamegundua kwamba sauti za walio tayari kutoka huwahimiza ndugu zao waliochelewa ndani ya maganda, hata wakatoka karibu pamoja.

Na umeme ukikatika? Swali hili tunaulizwa kila mara, na ni swali la haki katika nchi ambayo mshumaa bado una heshima yake. Hapo nako mkono hukimbilia kifuniko. Lakini kuku mwenyewe, akiwa ameatamia, huyaacha mayai kila siku akaenda kula, kunywa na kuoga mavumbi, na mayai hayafi. Umeme ukipotea saa mbili au tatu, mashine iachwe imefungwa, ifunikwe blanketi bila kuziba matundu ya hewa. Ukizidi hapo, chupa za maji ya moto zipangwe kuizunguka chini ya blanketi. Baridi ya muda humchelewesha kifaranga, nalo joto lililozidi humuua upesi, kwa hiyo tusiogope baridi kiasi cha kuyapika mayai. Tusichokubali kabisa ni jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, nayo imekwisha kuua watu usingizini.

Tunayaandika haya tukikifikiria kikundi kimoja cha akina mama katika mojawapo ya vigango vyetu. Walinunua mashine kwa fedha za hisa zao, na wengine walikwisha kuahidi watoto viatu na daftari za Januari kutokana na vifaranga ambao hawajazaliwa. Mzunguko wa kwanza haukufika hata nusu. Yakaanza maneno: huyu alaumiwe kwa kununua mayai ya bei nafuu, yule kwa kulala zamu yake, na wapo waliotaka mashine iuzwe fedha igawanywe. Tulipoulizia mambo yalivyokwenda siku za mwisho, ikafahamika kwamba kila mama alikuja kuchungulia mara moja tu. Mara moja ya akina mama thelathini ni mara thelathini.

Maoni yetu ni kwamba mashine isiuzwe. Fedha ya mahitaji ya shule itafutwe kwingine, kwa sababu haifai kulibebesha yai deni la tarehe. Mwenye deni la tarehe hawezi kuacha kufungua. Na lawama zisimamishwe mpaka kuwe na daftari. Kila siku iandikwe nyuzi za joto, unyevu, saa ya kugeuza na saa ya umeme kukatika. Mzunguko ukiwa mbaya tena, daftari liseme kosa liko wapi, kuliko jirani kumsema jirani njiani.

Wamekubali. Mayai ya mzunguko wa pili yanatimiza siku 18 Jumapili hii, na ufunguo wa chumba ameachiwa bibi mmoja mzee aliyewahi kulea kuku wengi bila mashine yoyote. Kwenye mlango wa kiangulio kuna kioo, naye ameruhusu watu wachungulie kwa zamu, mikono nyuma. Anayemwomba kufungua humjibu neno moja: Alhamisi. Yatakayokuwa kimya hadi Ijumaa yatapimwa kwa tochi kabla ya kutupwa hata moja.