Ajali ya Mgodi au Ajali za Migodi?

Haya jamani, leo tuweke siasa pembeni kidogo tuongee sarufi. Usikimbie, msomaji wangu. Najua neno "sarufi" linakukumbusha fimbo za darasa la sita. Lakini sarufi ninayoisema hapa inahusu pesa, leseni, maduara ya dhahabu na watu waliofukiwa na kifusi. Huku kwetu Chato, na ukivuka Buseresere kwenda Katoro, Rwamgasa hadi Nyarugusu, hayo si mambo ya darasani.

Chukua maneno haya ya Kiingereza: "mine accident report". Umepewa uyaandike kwa Kiswahili, na gazeti linakaribia kwenda mitamboni. Utaandikaje? Ni ripoti ya ajali ya mgodi, au ni ripoti ya ajali za migodi? Ya kwanza ni ajali moja kwenye mgodi mmoja, pengine ya jana usiku. Ya pili ni ajali nyingi kwenye migodi mingi, pengine hesabu ya mwaka mzima. Kiingereza kinazibeba zote mbili kwa maneno yaleyale matatu na wala hakijali. Kiswahili kinakukaba koo: chagua!

Hoja yangu leo ni fupi. Ukichagua bila kuuliza, hujatafsiri. Umetunga habari.

Tuanze na Kiingereza chenyewe, maana tunakiogopa bure. Wenyewe wakipanga majina mawili pamoja, jina la mbele linafanya kazi ya sifa, na mara nyingi linabaki katika umoja hata kama vitu ni elfu. Duka lenye viatu mpaka darini ni "shoe shop". Mswaki unasugua meno yote kinywani, lakini wao wanauita "toothbrush", kana kwamba una jino moja. Hata Mpango wetu wa Maendeleo wa Miaka Mitano, ule wa 2021/22 hadi 2025/26, kwa Kiingereza ulikuwa "Five Year Development Plan". Miaka ni mitano, na bado "year" imekaa peke yake bila "s".

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka kwa jirani zetu Kenya. Mwaka 1898 simba wawili wa Tsavo walikuwa wakiwala wajenzi wa reli, na J. H. Patterson aliyewaua akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1907, "The Man-Eaters of Tsavo". Ukisoma jina hilo neno kwa neno, walaji ni wengi na mtu ni mmoja! Sisi tungesema simba wala watu. Kiswahili kimehesabu marehemu, Kiingereza kimetaja tu aina ya simba.

Hiyo ndiyo siri yenyewe. Jina la mbele kwenye Kiingereza kwa kawaida halihesabu, linataja aina tu. Na si kanuni ya kukariri shuleni. Mwaka 1985 mtafiti Peter Gordon alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa watoto wa miaka mitatu hadi mitano wanaozungumza Kiingereza. Aliwauliza mtu anayekula panya wengi aitweje. Waliotumia neno "rats" kwa wingi waliondoa "s" wenyewe na kusema "rat-eater". Lakini walipotumia neno "mice", ambalo wingi wake hauna "s", walikuwa tayari kusema "mice-eater". Watoto wadogo kabisa hao, hakuna mwalimu aliyewafundisha.

Sasa usije ukadhani mambo ni rahisi hivyo. Kiingereza hichohicho kina wingi wa ukaidi, na ushahidi uko kwenye vibao vya taasisi zetu. Baraza la Mitihani ni "National Examinations Council", na "s" imo, ingawa wengi wetu tunaiacha. Mamlaka ya bandari ni "Tanzania Ports Authority". Bodi ya mikopo, ambayo wengi mnaosoma hapa mnaijua vizuri kuliko mnavyotaka, ni "Higher Education Students' Loans Board": wanafunzi wingi, mikopo wingi, na kialama juu ya "s" kwa nyongeza. Geuka upande wa pili: Bodi ya Korosho ni "Cashewnut Board", korosho moja, lakini Bodi ya Nafaka na Mazao Mchanganyiko ni "Cereals and Other Produce Board", nafaka kwa wingi. Nani alipanga hivyo? Mazoea tu. Waingereza wanasema "drugs problem" pale Wamarekani wanaposema "drug problem", na hakuna aliyekamatwa.

Kuna mahali pengine Kiingereza kinafanana nasi kabisa. Mchimbaji mwanamke ni "woman miner", lakini wakiwa wengi maneno yote mawili yanabadilika: "women miners". Ndiyo maana chama cha wachimbaji wanawake, TAWOMA, kinaitwa "Tanzania Women Miners Association". Sisi tunafanya hivyohivyo ndani ya neno moja: mwanamke, wanawake. Mwana amegeuka na mke amegeuka. Kwa hiyo anayemcheka mwenzake mtandaoni kwa kuandika "woman miners" angejiuliza kwanza kama yeye mwenyewe anaweza kueleza sababu. Wengi hawawezi. Wanacheka lafudhi ya umaskini, si kosa la sarufi.

Sasa turudi nyumbani. Kiswahili kinapenda kuhesabu. Tunasema duka la vitabu, stendi ya mabasi, fundi viatu, fundi magari. Hakuna anayesema fundi kiatu, labda kama anamtania fundi aliyepata kazi moja tangu asubuhi. Neno likiwa na kiambishi cha umoja na wingi, hatuna pa kujificha: mgodi au migodi, duara au maduara, mchimbaji au wachimbaji. Na hata pale jina lisipobadilika, viunganishi vinatusaliti. Ajali ni ajali, iwe moja au kumi, lakini ukishasema "ajali ya" au "ajali za" umeshatoa idadi.

Nitakuwa mkweli: na sisi tuna kichaka chetu. Samaki, ng'ombe, nyumba, bandari, korosho, hayo hayabadiliki. Ukisema "mwizi wa ng'ombe" hapa Usukumani, hujasema kama kaiba ndama mmoja au kaswaga zizi zima. Lakini hapo angalau tunajua kwamba hatujui, na mtu wa kwanza atakayesikia atauliza: wangapi? Hatari iko pale Kiingereza kilipokaa kimya na Kiswahili kikalazimika kusema.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni inataka eneo, wathamini wanapita, na kinachobaki ofisini ni jedwali la Kiingereza. Kwenye safu moja kumeandikwa "house owner", kwenye nyingine "pit owner", kwenye nyingine "crusher owner". Mwandishi anakuja, anatafsiri haraka: mwenye nyumba, mwenye duara, mwenye karasha. Kwenye nyumba kanusurika, neno halina umoja wala wingi. Lakini "mwenye duara" na "mwenye karasha" ni madai. Msomaji anaelewa duara moja, karasha moja. Kumbe kijana mmoja kwenye jedwali hilo ana maduara manne, na mwenzake ana makarasha matatu. Habari ikishatoka, kijana akidai fidia ya maduara manne anaonekana mwongo, maana "hata gazeti lilisema". Hakuna aliyemdhulumu kwa kukusudia. Ni "s" tu ambayo haikuwapo, na mtu akaona kutokuwapo kwake ndiyo umoja.

Mfano wa pili nao ni wa kubuni. Taarifa inasema "pit collapse" imeua watu watano. Ukiandika "kuporomoka kwa duara kwaua watano", umesema watano walikuwa shimo moja. Kama walikuwa kwenye mashimo mawili tofauti, na mvua ni ileile, basi suala limebadilika kabisa. Shimo moja ni uzembe wa mwenye shimo. Mashimo mawili ni swali kwa mwenye leseni, na kwa Afisa Madini Mkazi, ambaye cheo chake kwa Kiingereza, kwa kejeli ya lugha, ni "Resident Mines Officer", migodi kwa wingi. Nani aulizwe? Inategemea hesabu ambayo taarifa haikutoa.

Mtu ataniambia: mbona wanasheria wanaishi na tatizo hili kila siku? Wanaishi nalo kwa sababu wana kinga. Sheria yetu ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inasema maneno yaliyoandikwa katika umoja yanajumuisha wingi, na ya wingi yanajumuisha umoja. Kwa hiyo hakimu akisoma "mgodi" anaruhusiwa kuona migodi. Na kinga hiyo ina kazi kubwa zaidi sasa, maana tangu marekebisho ya mwaka 2021 lugha ya sheria za Tanzania ni Kiswahili, na sheria nyingi zilizoandikwa kwa Kiingereza zinapaswa kuhamishwa, Sheria ya Madini ikiwemo. Watafsiri wa sheria watachagua mgodi au migodi, duara au maduara, wakijua Sura ya 1 iko nyuma yao. Lakini gazeti halina Sura ya 1. Wala redio, wala mkutano wa kijiji ambapo mtendaji anasimama na karatasi ya Kiingereza mkononi na kuwaambia watu kilichomo. Msomaji wa habari anaamini alichosoma kama kilivyoandikwa, na ana haki.

Nini kifanyike? Mimi nina mambo matatu.

Kwanza, tuulize. "Mine accident" moja au nyingi? "Pit owner" wa mashimo mangapi? Ni simu moja tu kwa aliyeandika taarifa. Kama hapokei, tumia hesabu unayoijua kwa macho yako, au andika wazi kwamba taarifa haikutaja idadi. Sentensi hiyo haimpunguzii mwandishi heshima hata kidogo.

Pili, tukumbuke kwamba Kiswahili kina njia ya kukwepa kwa heshima pale idadi isipohitajika. Hatusemi chuo cha mwalimu wala chuo cha walimu, tunasema chuo cha ualimu. "Child marriage" hatukuigeuza ikawa ndoa ya mtoto, tulisema ndoa za utotoni, na ni tafsiri nzuri kuliko chanzo chake, maana inataja umri ulioporwa. Huo u- wetu ni hazina. Nani alisema Kiswahili hakitoshi?

Tatu, majina rasmi ya taasisi tuyanakili herufi kwa herufi. "Examinations" ibaki na "s" yake, "Cashewnut" ibaki bila. Hapo hakuna mantiki ya kutafuta, ni jina la mtu.

Na kuna jambo linalonigusa zaidi ya yote hayo. Ukanda wetu huu, Shinyanga, Geita na Mwanza, uliwahi kutangazwa duniani kwa maneno mawili: "albino killings". Kiingereza kiliwafanya wahanga kuwa jina la mbele, lile lisilohesabu, linalotaja aina tu. Sisi tukaandika "mauaji ya albino", nalo neno albino halina umoja wala wingi, likapita vilevile. Baadaye wenyewe wakasema hapana: sisi ni watu wenye ualbino. Hata chama chao, kilichojulikana kama "Tanzania Albino Society", kikawa "Tanzania Albinism Society", Chama cha Watu Wenye Ualbino. Tazama kilichoingia hapo katikati: watu. Mtu mmoja ni mtu, wawili ni watu, na huwezi kulitamka neno hilo bila kujua unasema wangapi.

Ndiyo maana nasema hii si sarufi ya fimbo. Duara likiporomoka usiku huko machimboni, asubuhi kuna mama amesimama kando ya kifusi, na anachotaka kujua ni hesabu: mashimo mangapi, watu wangapi, waliotoka wangapi. Tusimletee jibu ambalo hatukuliuliza.

Naomba kuwasilisha.