Saa Kumi na Moja Sokoni

Yako maneno yanayosemwa nje ya kanisa baada ya ibada, nayo yatupasa kuyakataa: kwamba vijana wasio na kazi ni wavivu, wanashinda na simu mkononi. Wasemao hivyo hushika 2 Wathesalonike 3:10 na kuruka neno moja. Mtume Paulo anamkemea asiyetaka kufanya kazi. Hamkemei aliyekosa wa kumwajiri.

Bwana Yesu alimjua huyo wa pili. Katika Mathayo 20, mwenye shamba anatoka hata saa kumi na moja, jua likielekea kuzama, anawakuta watu wangali wamesimama. Anawauliza sababu, anasikia jibu lao, anawapeleka shambani. Yeye mwenyewe ndiye aliyetoka kuwatafuta.

Leo soko hilo limehamia mtandaoni. Nafasi nyingi za utumishi wa umma hapa Tanzania huombwa kupitia Ajira Portal. Mwombaji anahitaji barua pepe, namba ya NIDA, vyeti vilivyothibitishwa na wakili na kuskaniwa, na barua yenye sahihi, vyote viwahi kabla ya siku ya mwisho. Binti aliyemaliza chuo akarudi kijijini, mwenye simu iliyopasuka kioo na bando la kukopa, kazi anaitaka. Mlango ndio umemshinda. Na hapo mlangoni wapo matapeli wanaomdai "ada ya usaili".

Tunaambiwa, "Kanisa ni la kiroho, tuwaombee tu." Kuwaombea tutawaombea. Lakini Luther, katika Katekisimo Ndogo ya 1529, hakuiishia amri ya saba kwenye kutoiba. Alifundisha kwamba inatudai tumsaidie jirani kutunza na kustawisha mali na riziki yake. Basi kumwelekeza kijana namna ya kutuma maombi ya kazi ni kuitii amri hiyo.

Zipo ofisi za usharika zenye kompyuta na printa ambazo kazi yake kubwa ni kuchapa matangazo ya Jumapili. Wazee wa kanisa, zifungulieni vijana alasiri moja kila wiki. Walimu, makarani na mawakili tunaoketi nao ibadani wakae na vijana hao, wasome tangazo pamoja mstari kwa mstari, wawafundishe kwamba kazi ya halali hainunuliwi. Si wote watakaopata, maana nafasi ni chache kuliko waombaji. Ila asiwepo hata mmoja wa kusema alisimama hadi saa kumi na moja, na Kanisa likampita likiimba.