Usiniulize "Umeshapona?"



Mhariri aliniomba niandike kuhusu maisha ya mwanafunzi wa Muscat. Nadhani alitaka habari za joto na halwa. Lakini mwenzenu mwaka wa pili niliumaliza wodini zaidi kuliko darasani, basi nitaandika ninachokijua.

Yalianza maumivu ya kichwa kila alfajiri. Mie nikadhani ni mitihani, nikawa nameza panadol. Jicho la kushoto lilipoanza kuona ukungu ndo nikaenda hospitali. Picha ya MRI ikaonyesha uvimbe kwenye utando unaofunika ubongo, wenyewe wanauita meninjioma. Mara nyingi aina hii si saratani, lakini fuvu ni mfupa, halitanuki, kwa hiyo hata uvimbe wa kawaida unaukandamiza ubongo. Nikapasuliwa, mambo yakaenda vizuri. Siku ya nne nikampigia mama Unguja: "Mama, nimeshapona."

Hilo ndilo kosa ninalotaka kuliongelea.

Manake wiki tatu baadaye niliamka mto umelowa. Yalikuwa maji ya ubongo yanavuja kwenye mshono, na yakivuja wadudu wanaweza kuingia na kuleta homa ya uti wa mgongo. Nikarudishwa chumba cha upasuaji. Nikiwa bado wodini yakaja majibu ya maabara: uvimbe ni wa daraja la pili, aina inayopenda kurudi, kwa hiyo nitahitaji mionzi. Nikatoka, na kabla mionzi haijaanza nikaanguka kifafa kwenye mkahawa wa chuo, mbele ya watu. Kisha mionzi yenyewe, mara 30, Jumapili hadi Alhamisi kwa wiki sita, kichwa kimebanwa ndani ya kinyago cha plastiki kilichotengenezwa kwa sura yangu mwenyewe. Semesta ikaenda hivyo.

Dawa ya kupunguza uvimbe, deksamethasoni, ikanivimbisha uso, ikaninyima usingizi na kunipandishia sukari. Na huwezi kuiacha ghafla, lazima ipunguzwe kidogo kidogo. Bibi mmoja wa Kiomani, katika wale waliotoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, akaniona dukani akafurahi: "Mwanangu, umenenepa! Muscat imekukubali!" Sasa nacheka. Siku ile nililia bafuni.

Na nyumbani? Nyumbani nilikuwa "nimeshapona". Nilimpigia mama nikiwa nje ya kliniki, namwambia natoka darasani. Nikituma picha navaa kofia ya Kiomani ili kovu lisionekane. Nilijiambia namhurumia mama, ana presha. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Nilikuwa nimetangaza ushindi mapema, sasa ningesema nini?

Mama akaja kusikia harusini, kwa mtu baki. Akanipigia usiku. Hakunigombeza. Alisema tu: "Mwanangu, mimi nakaa hapa nashukuru Mungu umepona, kumbe unaumwa. Umeninyima hata kukuombea dua." Jamani, maneno yale yaliniuma kuliko mshono.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mie nilidhani wanawasema wanaokataa kwenda hospitali. Kumbe wanatusema na sisi tunaotibiwa kila siku halafu tunaficha kwamba leo tumerudi nyuma. Maradhi haya hayaendi kama ngazi, juu tu. Unapanda hatua mbili, unashuka moja. Kushuka si dalili kwamba daktari kashindwa au imani yako ndogo. Ni sehemu ya safari, na wanaokupenda wana haki ya kuijua.

Najua wapo watakaosema mzazi aliye mbali hawezi kusaidia, utamtia presha bure. Nilifikiri hivyo hivyo. Lakini mama yangu alipojua, alipiga simu kila jioni ya mionzi, na hizo jioni ndizo zilizonivusha.

Na ninyi marafiki, nina ombi. Wiki ya kwanza kitanda changu kilijaa watu na juisi. Wiki ya tano alibaki mtu mmoja, anayekuja kunikatia kucha na kunisomea madokezo ya darasani. Njooni wiki ya tano. Wala msiulize "umeshapona?" Swali hilo lina jibu moja tu, na mgonjwa atalitoa hata kama ni uongo. Ulizeni "leo imekuwaje?"

Mkimwona mtu ameanguka kifafa, msikimbilie kusema ana mashetani. Msimtie kijiko mdomoni wala msimkandamize. Ondoeni vitu vya kumuumiza, mtetemeko ukiisha mlazeni ubavu, na tazameni saa. Zikipita dakika tano, piteni simu ya dharura. Hapa Oman ni 9999. Jumuiya yetu inaweza kuwafundisha wanachama wote jambo hili jioni moja tu.

Mie sasa nimerudi darasani, nyuma ya wenzangu kwa mwaka mzima. Bado nameza dawa za kifafa asubuhi na jioni, na mwezi ujao nina MRI nyingine. Mama anaijua tarehe. Majibu yakija mazuri nitampigia. Yakija mabaya, nitampigia pia.

Wasalaam,
Mwenzenu wa Muscat