Paka Aliyevunjika Nyonga Naye ni Amana



Wazazi na wanafunzi wapendwa, mwaka jana paka wetu aligongwa na pikipiki mbele ya mlango. Jirani mmoja akanishauri kwa nia njema: "Ustadh, mtie kwenye gunia umpeleke sokoni, huko atajijua." Nakiri kuwa nilianza kulifikiria hilo. Lakini mwanangu wa darasa la tano alikuwa amesimama pale akinitazama, nami ndiye niliyemsomesha habari ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Nikaona haya.

Daktari wa mifugo alisema nyonga imevunjika, ila haihitaji kupasuliwa. Paka akae kizimbani wiki tano asirukeruke. Nikadhani baada ya hapo kazi imekwisha. Kumbe sivyo. Mfupa unaweza kuunga na mnyama akabaki kiwete, kwani mguu usiotumika hupungua misuli na viungo vyake hukakamaa.

Daktari alipotoa ruhusa, akatuonyesha mazoezi ya kufanya nyumbani. Asubuhi na jioni mwanangu alichovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, akakikamua na kukiweka juu ya nyonga kwa dakika tano. Kisha aliukunja na kuunyoosha mguu taratibu mara kumi, bila kulazimisha. Paka akilia au akivuta mguu, anaacha. Mwisho alimtembeza juu ya mkeka, maana sakafu ya saruji huteleza, akimvuta kwa kipande cha dagaa. Leo paka huyo anachechemea kidogo tu, na ukutani anapanda.

Maoni yangu ni haya: anayefuga mnyama hajamaliza wajibu wake kwa kumpa chakula na kumpeleka kwa daktari siku moja. Wajibu uko pia katika zile dakika kumi za kila siku ambazo hakuna anayeziona ila Mola wake.

Hayo hayawahusu walioumia peke yao. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulichunguza picha za eksirei za paka 100 wenye umri wa zaidi ya miaka 12, na 90 kati yao walikutwa na dalili za maradhi ya viungo. Paka mzee akiacha kuruka au kujilamba mgongoni, tusiseme ni uvivu, huenda anaumwa. Mtengenezee mahali laini pa kulala, mwekee ngazi ya boksi afike anapopapenda, na usimwache anenepe, kwani uzito huvielemea viungo.

Nawatahadharisha kwa jambo moja. Msimpe paka dawa za maumivu za binadamu. Kidonge kimoja cha parasetamoli chaweza kumuua. Wala msianze kuukunja mguu uliovimba kabla daktari hajauona, mkazidisha mvunjiko.

Najua wapo watakaosema: "Watu wenyewe hawana dawa, sisi tushughulike na paka?" Hoja hiyo nina jibu lake. Maji ya uvuguvugu, kitambaa na mkeka vimo katika kila nyumba yetu, na havimpunguzii mgonjwa yeyote dawa yake. Tena mtoto aliyejifunza kuushika mguu wa paka bila kumuumiza, ndiye kesho atakayemnyanyua bibi yake kitandani kwa upole. Huruma haigawanyiki ikaisha, huzoewa ikakua.

Basi wanafunzi wangu, kazi hii naiacha mikononi mwenu. Wazazi wana shughuli nyingi, nyinyi mna dakika kumi kabla ya kuja madrasa. Mwenye paka, punda au mbuzi aliyeumia nyumbani kwao, asingoje kuamrishwa.

Allah atujaalie tuwe wenye kuwahurumia viumbe vyake, naye aturehemu. Amin.

Wabillahi tawfiq.