Kansa ya kizazi: kwa nini haipimwi kwa damu?

Wadau, kuna swali linaulizwa sana mtaani: kama UKIMWI na malaria tunapima kwa damu, kansa ya shingo ya kizazi inashindikana nini? Mama atoke Ikungi au Kiomboi, atobolewe kidole, apewe majibu, arudi kwenye alizeti zake. Nani asingependa?

Jibu ni kwamba kipimo cha damu cha kuaminika bado hakipo, si hapa wala Ulaya. Kirusi cha HPV, ambacho ndicho chanzo cha karibu kansa zote za aina hii, hakizunguki kwenye damu kama VVU. Kinakaa kwenye ngozi laini ya mlango wa kizazi. Ukipima kingamwili zake kwenye damu utajua tu kwamba uliwahi kukutana nacho, basi. Iko protini inaitwa SCC ambayo madaktari huifuatilia kwenye damu ya mgonjwa, lakini hatua za mwanzo mara nyingi haipandi. Yaani inamkosa yule yule tunayemtafuta! Kwa hiyo ukiuziwa kipimo cha damu mahali, shika hela yako.

Sasa angalia hali yenyewe. Makadirio ya 2020 yalionyesha Tanzania inapata wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kwa mwaka, na zaidi ya 6,000 wanafariki. Wengi hufika Ocean Road maji yameshazidi unga. Singida hadi Dar ni kama kilomita 700, na mionzi si ya siku moja: nauli, pa kulala, nani abaki na watoto.

Kipimo cha siki kipo. Nesi anapaka siki kwenye mlango wa kizazi, penye tatizo panageuka peupe, na mara nyingi unatibiwa siku hiyo hiyo. Ni rahisi, tena kizuri. Tatizo ni kile kitanda. Kutanua miguu mbele ya mtu, pengine mwanaume, pengine jirani yako kabisa, dada zetu wengi hawako tayari. Mi naona wanaoulizia damu wanaulizia hilo hasa: kupimwa bila kuvuliwa nguo.

Na hilo linawezekana. Mwaka 2021 WHO ilipendekeza kupima vinasaba vya HPV, na mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti, faragha. Hata GeneXpert, mashine ile ile ya TB, inasoma HPV ukiweka katriji yake.

Mabinti walianza kupata chanjo nchi nzima 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Safi sana. Ila mama zao wamepitwa na chanjo, na wao ndio wanaougua sasa. Waheshimiwa wa Singida wanaopitisha bajeti, katriji na vijiti vya Mkalama, Iramba na Manyoni mmeviweka fungu gani?