Kesi Si Kesi: Maana Nyingi za Maneno Mepesi

Nikiwa darasa la sita katika shule moja ya msingi mjini Lodwar, mwalimu wetu wa Kiingereza alitupa sentensi ya kutafsiri: "The well ran dry." Ilikuwa na maneno manne tu, na yote tulikwisha kuyanakili daftarini pamoja na maana zake. Mwenzetu mmoja aliyesifika kwa kukariri akainuka, akajibu: "Vizuri alikimbia kavu." Darasa zima liliangua kicheko, ingawa hakuna aliyekuwa na jibu bora. Ajabu ni kwamba sote tulikuwa watoto wa Turkana. Tulikuwa tumechimba visima kwenye mchanga wa laga, na tulikuwa tumeona maji yakididimia siku hadi siku mpaka kisima kikakauka. Jambo tulilolijua kwa macho na mikono lilitupita kwa sababu tulikuwa tumefundishwa kwamba kila neno la Kiingereza lina mwenzake mmoja wa Kiswahili.

Mazoea hayo tumeyabeba hadi chuo kikuu. Tunapofundisha vitawe, tunawataka wanafunzi watunge sentensi kwa "kaa", "paa" na "panda", tunawatuza alama mbili, kisha tunasonga mbele. Maoni yangu ni kwamba suala hili ni zito kuliko tunavyolichukulia. Maneno ya Kiingereza yanayotatiza zaidi ni yale mepesi, yanayotumika kila siku, na anayeumia kwa tafsiri sisisi aghalabu ni mtu ambaye hakupewa nafasi ya kuuliza.

Tulitazame hilo neno "run". Wahariri wa Oxford English Dictionary walipokirekebisha kidahizo cha kitenzi hicho walihesabu maana 645. Kwa Kiingereza, mtu, mto, mashine, ofisi, rangi na hata pua vyote hutumia kitenzi hicho kimoja. Kwa Kiswahili mtu hukimbia, mto hutiririka, mashine hufanya kazi, ofisi huendeshwa, rangi huchuja, pua hutoka kamasi, na anayetaka ubunge hugombea. Wapo wanaodai kwamba Kiingereza ni lugha tajiri kwa kuwa neno lake moja hubeba mengi. Wapo pia wanaodai kwamba lugha ya namna hiyo ni ya kubabaisha. Madai yote mawili hayana mashiko. Kiingereza kimemwachia msikilizaji aisake maana katika muktadha, ilhali Kiswahili mara nyingi huigawa kazi hiyo baina ya vitenzi na viambishi.

Mfano ulio karibu nasi ni kitenzi "kimbia", ambacho hutupa mkimbiaji na mkimbizi. Mnamo 2016, timu ya kwanza ya Olimpiki ya wakimbizi ilishiriki mashindano ya Rio de Janeiro ikiwa na wanamichezo 10. Watano kati yao walikuwa wakimbiaji wenye asili ya Sudan Kusini waliokuwa wameishi katika kambi ya Kakuma, na mmoja wao, Rose Nathike Lokonyen, ndiye aliyeibeba bendera katika sherehe za ufunguzi. Hao walikuwa wakimbizi na wakimbiaji kwa wakati mmoja. Tofauti ndogo ya mwisho wa neno, ile ya "aji" na "zi", inatenganisha anayekimbia kwa hiari na anayekimbia kuyaokoa maisha yake.

Kakuma ndiko nilikojifunza gharama ya kuchagua maana isiyofaa. Kambi hiyo, iliyoko yapata kilomita 120 kutoka Lodwar, ilianzishwa mwaka 1992, na humo Kiswahili kinasemwa kwa lahaja nyingi: cha Kenya, cha Burundi, cha Kongo. Mnamo 2024 nilijitolea kuwa mkalimani katika ofisi moja kwa muda wa miezi mitatu. Siku moja afisa alimwambia mama mmoja kutoka Kivu Kusini kwa Kiingereza kwamba "case" yake ingali wazi na kwamba angeitwa kwa "interview" nyingine. Nami, shahada yangu ya kwanza ya Kiswahili ikiwa kabatini, nikasema bila kusita: "Mama, kesi yako bado haijafungwa. Utaitwa uje uhojiwe tena."

Mama yule alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Mtoto wangu, nani amenishitaki?" Nilidhani amekusudia mzaha, nikatabasamu na kumwita aliyefuata. Siku ya miadi ilipofika hakuonekana.

Mkalimani mwenzangu, mzee wa Kikongo aliyeishi kambini miaka mingi, ndiye aliyenifumbua macho. Kwa maafisa, "case" ni faili la familia. Kwetu Kenya "kesi" ni mashtaka, nako "kuhojiwa" kunamkumbusha mtu kituo cha polisi. Alikotoka mama yule, walioitwa kuhojiwa si wote waliorudi nyumbani. Mzee alimfuata hadi mtaani kwake akamwambia maneno machache tu: "Dosye yako ingali mezani, mama. Wanataka tu kuongea nawe." Baada ya wiki mbili alikuja. Hakunilaumu, na hilo lilinichoma zaidi. "Dosye" haimo katika kamusi niliyokuwa nikiitegemea, na kama ningelikutana nayo katika insha ya mwanafunzi ningeliipigia mstari mwekundu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyasikiliza maneno ya Kakuma kwa sikio jingine. "Protection" ikitafsiriwa kuwa ulinzi, mtu hutarajia askari, ilhali linalokusudiwa ni hifadhi na haki zake kisheria. "Settlement" ni Kalobeyei, makazi yaliyofunguliwa mwaka 2016 karibu na Kakuma. Iongezewe silabi moja tu mwanzoni, iwe "resettlement", nayo inageuka kuwa safari ya kwenda kuanza maisha katika nchi ya tatu. Mkalimani anayetumia "makazi" kwa yote mawili atakuwa amemwahidi mtu ng'ambo, kisha amshushe Kalobeyei.

Huenda msomaji akasema dawa ni kukiacha Kiingereza na kuzungumza Kiswahili pekee. Ningependa iwe hivyo, lakini nyani haoni kundule. Mnamo 20 Januari 2025 rais wa Marekani alitia saini amri ya kusitisha mpango wa nchi yake wa kuwapokea wakimbizi. Tukiipasha habari hiyo kwa kusema kwamba mpango "umesimamishwa", tumesema nini? Kwa Kiswahili nyumba husimamishwa ikajengwa, gari husimamishwa likasita, mfanyakazi husimamishwa kazi, na mgombea husimamishwa na chama. Kwa aliyekwisha kuuza vyombo vyake akisubiri ndege, kujua kama mlango umefungwa kwa muda au kabisa ni jambo linaloamua kama atapanda mboga msimu huu au la.

Nini kifanyike basi? Kwanza, somo la ukalimani lisiishie kwenye nadharia. Mwanafunzi apewe neno jepesi la Kiingereza katika miktadha kumi, aeleze anayeambiwa ni nani na anaogopa nini. Pili, chama chetu kianzishe orodha ya maneno ya ofisini, hospitalini na mahakamani kama yanavyoeleweka Lodwar na Kakuma, ikiwemo "dosye" na wenzake, bila kuyaita makosa. Tatu, tukumbuke kwamba kifungu cha 50 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila malipo. Haki hiyo itakuwa na thamani gani ikiwa mkalimani mwenyewe anajua maana moja tu ya kila neno?

Nakiri kwamba mimi si mtaalamu wa semantiki. Masomo yangu ni ya fasihi. Lakini fasihi imetufunza kwamba neno halina maana mpaka litoke kinywani mwa mtu na kumfikia mwingine. Mwenzetu wa darasa la sita alichekwa akaketi, na mambo yakaishia hapo. Mama wa Kivu hakuchekwa na yeyote, ila alilala siku kumi na nne akijua kwamba ameshtakiwa. Tunapoketi kusahihisha vitawe, tumkumbuke.