Kabla Hujapakia Vitu Kwenye Lori



Jumatano baada ya maombi ya mchana, ndugu mmoja wa hapa kanisani alinifuata ofisini na bahasha ya kaki mkononi. Amepata kazi Nairobi. Uso ulikuwa unang'aa. "Pasta, mlango umefunguka. Niombee tu, mwisho wa mwezi tunahama." Amenikubalia niandike haya, mradi nisimtaje jina.

Nikamwambia keti kwanza. Kuomba tutaomba, lakini leta kalamu.

Hapa Nakuru analipwa 38,000. Barua inasema 55,000. Nyongeza ya 17,000, ukiiangalia hivyo, ni muujiza. Lakini mshahara wa barua si mshahara wa mfukoni. Toa kodi ya serikali, toa NSSF, toa SHA, toa ile asilimia moja na nusu ya nyumba, na hiyo nyongeza inabaki kama 10,700. Nyumba anayolipia 8,000 hapa, aliyoonyeshwa Pipeline ni 16,000. Zimebaki 2,700. Hapa anatembea kwa miguu mpaka kazini. Huko ni matatu, 80 kwenda na 80 kurudi siku ambayo hakuna mvua, mara siku 26. Hiyo ni 4,160. Tayari tuko chini ya sufuri na hatujanunua hata mtungi wa maji. Dipoziti ya landilodi na pesa ya lori sikuzitia hata kwenye hesabu.

Halafu nikamuuliza, "Na mama watoto je?"

"Atatafuta kitu cha kufanya huko."

Mpendwa, huyo mama ana kibanda cha mitumba ya watoto. Amekaa kwa kibanda hicho miaka minane. Ana wateja wanaompigia simu kabla bela haijafunguliwa. Siku ya kawaida anarudi nyumbani na faida ya 400. Kwa siku 26 hiyo ni 10,400 kila mwezi, na ndugu yangu hakuwa ameiandika mahali popote. Hakuwa ameandika pia nyanya wa watoto, anayewachukua shuleni bila malipo, wala kijana wao wa Gredi ya 9 ambaye ameshasajiliwa kwa mtihani katika shule aliko sasa.

Si kwamba ndugu huyu ni mjinga. Wengi wetu wanaume tunahesabu hivyo. Mshahara wetu tunauita mapato, na ya mama tunayaita kujishughulisha.

Sasa usiniandikie kwamba Pasta anapinga watu kuhama. Mimi mwenyewe nilitoka Kitale na begi moja kwenda chuo cha Biblia Nairobi, na nisingeenda singekuwa hapa. Jiji lilinifundisha kusikiliza watu ambao hawakukulia kama mimi. Mke wangu nilimpata huko, na kwetu hakuna ambaye angenitafutia msichana wa kabila lake. Na kuna zawadi nyingine ya jiji ambayo sisi wahubiri hatuisemi: huko hakuna anayejua baba yako ni nani. Kuna kijana ambaye kijijini ataitwa mtoto wa mlevi mpaka azeeke. Kuna mjane ambaye akibaki kwenye lile boma, mashemeji watamla na shamba lake. Mtu kama huyo akinijia na kusema anaenda, nitamtafutia nauli.

Lakini jiji hilo hilo, nikiwa mwaka wa kwanza, nililala siku tatu na homa ndani ya chumba cha kukodi na hakuna aliyebisha mlango. Majirani walikuwa upande wa pili wa ukuta, redio yao naisikia. Aliyekuja ni mama aliyekuwa akiuza githeri pale chini. Aliona sijapita siku tatu akauliza. Kitale ningekosekana saa tatu tu na shangazi angekuwa mlangoni. Hii hasara haiandikwi kwenye barua ya kazi.

Niseme na jambo ambalo ni gumu kwangu. Miaka kadhaa iliyopita, usiku wa kuamkia mwaka mpya, nilisimama madhabahuni nikapaza sauti, "Mwaka huu unahama!" Nilimaanisha kuhama viwango. Watu wakapiga kelele, nami nikarudia mara nyingi, maana mhubiri akiona watu wamewaka hanyamazi. Kijana mmoja aliyekuwa kwenye kiti cha nyuma alisikia Nairobi. Januari akauza pikipiki yake ya boda, akaenda. Kazi aliyoahidiwa haikuwepo. Mwezi wa nne akarudi usiku, asionekane. Mpaka leo nikikutana naye njiani ananisalimu vizuri, lakini kanisani haji. Hakunikasirikia. Anaona aibu. Na hiyo aibu mimi ndiye niliyemshonea.

Kwa hiyo siku hizi mtu akiniambia "Mungu ameniambia nihame" kabla sijauliza swali lolote, nauliza maswali zaidi. Mara nyingi hayo maneno tunayaweka mbele kama lango, ili asiingie mtu mwenye kalamu. Msome Lutu katika Mwanzo 13. Aliinua macho akaona bonde la Yordani lina maji, akalichagua. Nyasi alizihesabu vizuri kabisa. Majirani hakuwahesabu. Kisha msome Naomi katika Ruthu 1. Yeye na Elimeleki walihama Bethlehemu kwa sababu ya njaa, sababu nzuri tu, na Moabu ikamla mume na wana wawili. Lakini angalia: alirudi. Aliingia mjini, wanawake wakamwona, na hakuna aliyemfukuza. Je, wewe ukirudi hapa na mkono mtupu, tutakupokea hivyo? Au tutakunong'onezea kwenye kwaya? Hilo nawauliza ninyi mnaobaki.

Na ambao mmeshahamia, mnanisoma mkiwa Nairobi, Mombasa, wengine Doha: Yeremia 29 mnaijua kwa ule mstari wa 11 wa kwenye fulana. Rudini juu kidogo, mstari wa 5 hadi wa 7. Watu waliopelekwa Babeli wanaambiwa wajenge, wapande, waoe, waombee mji ule. Umeishi huko miaka kumi na hujui jina la mlinzi wa geti lako. Kanisa lako ni simu. Tafuta kanisa unaloweza kufika kwa miguu, hata kama si la dhehebu letu, mtu akuone Jumapili na akuulize Jumatatu.

Ndugu yangu hajakataa kazi. Tulikubaliana ajaribu kuomba 65,000, na wakikubali aende peke yake kwanza, apange chumba kimoja, kibanda kibaki wazi, na kijana amalize mtihani wake hapa. Nilipompigia mama simu tuongee, kumbe hakuwa ameonyeshwa ile barua. Jumanne saa nne wanakuja ofisini wote wawili, na yeye anakuja na daftari lake la mauzo.